Podikasti na video kwenye seva ya nyumbani: programu zinazostahimili umeme wa Lubumbashi

Nianze na hukumu, maana wengi mnasoma kwa mega za kuhesabu. Podikasti: Audiobookshelf. Video: Pinchflat ya kuvuta, Jellyfin ya kutazamia. Tube Archivist inazishinda zote kwa jambo moja, nitalieleza, lakini kwa kompyuta yenye RAM ya giga 4 na umeme wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, siwezi kumshauri mtu aiweke. Aliyetaka jibu tu amelipata.

Wanaobaki wajue kwanza anayesema ni nani, kwa sababu seva, yaani kompyuta inayokaa macho nyumbani na kugawia simu za wote faili zake, inayonifaa mimi inaweza kuwa mzigo kwako. Nafundisha kemia sekondari, na katika parsele yetu, yaani kiwanja na nyumba zake, tunaishi na papa mkwe, shemeji na watoto. Ninahifadhi masomo ya kemia na fizikia ya Kifaransa kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaojiandaa na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Ninahifadhi podikasti za RFI Kiswahili, ambazo papa mkwe huzisikiliza kuliko anavyotusikiliza sisi. Na ninahifadhi michezo ya kuigiza ya Kiswahili cha hapa Lubumbashi, ile ya mkondo wa Mufwankolo na kundi lake, ambayo wazee waliizoea redioni na kwenye televisheni. Michezo hiyo ndiyo iliyonisukuma. Mara nyingi iko YouTube kwa sababu mtu fulani alikuwa na kaseti ya VHS sebuleni akaipandisha. Siku chaneli yake ikifungwa, au yeye mwenyewe akiamua kuifuta, hakuna wa kumwuliza. Podikasti nazo hupotea kwa njia yao: orodha ya RSS ya kipindi, ile ambayo programu huisoma ili kujua kuna nini kipya, mara nyingi hubeba vipindi vya karibuni tu, vya zamani vinadondoka mkiani bila tangazo.

Halafu kuna suala la mega. Wanafunzi sita wakitazama somo lile lile, kila mmoja na simu yake, somo limelipiwa mara sita. Likiwa kwenye seva limelipiwa mara moja. Waifai inaendelea kufanya kazi ndani ya parsele hata ruta ikiwa haina intaneti kabisa. Wengi hawalijui hili, wanadhani mega zikiisha na waifai imekufa. Wanafunzi wangu huja Jumamosi, wanaunganisha simu, wanashusha somo, wanaondoka nalo mfukoni.

Kwa hiyo kila programu niliiuliza maswali ya kwetu. Umeme ukikatika ghafla, utakaporudi itaamka yenyewe au itanisubiri nitoke shuleni? Walioijenga wakiiacha, nitabaki na nini mkononi: folda yenye majina yanayosomeka, au rundo la faili ambazo ni programu ile tu inayozielewa? Uzuri wa skrini niliuweka mwisho.

Kabla ya programu, kompyuta yenyewe. Natumia laptop kuukuu ya ThinkPad yenye Debian, aina mojawapo ya Linux. Skrini imepasuka pembeni, ndiyo maana niliipata mjini kwa bei ya huruma. Watakuambia ununue Raspberry Pi, na si kifaa kibaya, ila haina betri. Laptop inayo: delestaji, yaani mgao wa umeme, ikianza, yenyewe haina habari. Ikiwa imefungwa na haina kazi nzito, inakula wati kama 10 hadi 15 tu. Msimu wa mvua, radi zikianza kupiga, nachomoa chaja ukutani na seva inaendelea. Kuna marekebisho mawili ya lazima. Katika faili ya /etc/systemd/logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunga kifuniko inalala usingizi. Kisha weka TLP, programu ya kutunza betri, na uiwekee betri mpaka wa kuchaji wa asilimia 80, maana betri inayokaa imejaa kwenye chaja mwaka mzima huchakaa upesi.

Diski ndiyo sehemu ambayo watu huokoa dola chache na kulipa baadaye. Diski ya nje ya inchi 2.5 inapata umeme wake kwenye USB ya laptop. Ile kubwa ya inchi 3.5 ina chaja yake ya ukutani, na ni rahisi zaidi kwa kila giga, kwa hiyo inavutia. Lakini umeme ukikatika, laptop inabaki hai na diski inakufa katikati ya kuandika. Mfumo unaendelea kupeleka data mahali ambapo hapapo tena. Chukua ndogo, iformatiwe ext4, mpangilio wa faili wa Linux, na uifunge vizuri ili waya wa USB usichezecheze watoto wakipita. Ruta nayo itafutiwe betri ndogo ya volti 12, zinapatikana mjini. Bila hiyo seva itakuwa macho gizani na hakuna wa kuifikia.

Sasa Audiobookshelf. Ilijengwa kwa ajili ya vitabu vya kusikiliza, podikasti zikapewa chumba ndani ya nyumba hiyo, na kwa kweli chumba hicho kinatosha. Unatengeneza maktaba ya podikasti, unatafuta kipindi kwa jina au unabandika anwani ya RSS, unachagua vipindi vya zamani unavyovitaka, halafu unaipangia saa ya kuangalia vipya. Mimi nimeiwekea usiku wa manane, kwa sababu mtandao ninaotumia una mega za usiku ambazo ni nafuu. Kila podikasti ina kikomo chake cha vipindi vya kutunza. Habari RFI-Ki nimeipa kikomo cha 30, kwani habari za mwezi uliopita hazina wa kuzililia. Changu Chako, Chako Changu, ambayo inahusu utamaduni na historia, nimeiwekea sifuri, na sifuri maana yake ni tunza vyote. Faili zinakaa kwenye folda yenye jina la kipindi, kila moja na kichwa chake. Ukizima Audiobookshelf milele, folda bado inasikilizika kwa programu yoyote.

Kilichonishinda kwa mapenzi ni simu ya papa mkwe. Programu yao ya Android inashusha kipindi kwenye simu, na inakumbuka alipoishia. Papa ana tabia ya kusinzia katikati ya habari za kimataifa. Zamani asubuhi alikuwa anaanza upya, anafika palepale, anasinzia tena. Sasa akibonyeza kinaendelea pale alipokiacha, na akienda kusikilizia kwenye kompyuta ya shemeji, nako kinaendelea palepale. Simu ikitoka nje ya parsele inahesabu yenyewe, ikirudi inaiambia seva. Swali lake la kila asubuhi limebaki moja: “Mama, ile ya jana jioni imeingia?” Nami sijibu tena, anafungua mwenyewe.

Kasoro zipo. Audiobookshelf haipunguzi uzito wa faili: kama redio imetoa kipindi kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inakula mega 58 hivi, ingawa kwa mazungumzo matupu nusu yake ingetosha. Wenye iPhone watapata taabu, maana programu rasmi ya iOS inapitia njia ya majaribio yenye nafasi za kuhesabika; watumie kivinjari tu. Tafsiri ya Kifaransa ipo, na papa aliizoea bila kuuliza.

Kama uko peke yako na kompyuta moja, usijisumbue na seva. gPodder, ambayo imekuwapo tangu 2005, itakushushia podikasti kwenye folda na kukuacha kwa amani.

Kwenye video ndiko kuna kelele nyingi. Jueni kwanza kwamba ndani ya karibu programu zote hizi kuna mfanyakazi mmoja wa kuvuta video, yt-dlp, iliyotoka kwenye ukoo wa youtube-dl mwaka 2021. YouTube ikibadilisha mambo yake, yt-dlp inakwama, na zote zinakwama siku hiyo hiyo hadi toleo jipya litoke. Anayekuambia kwamba programu yake haisumbuliwi na YouTube, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Tube Archivist ni kazi ya watu makini. Ina sura ya YouTube ya nyumbani: chaneli, orodha, ulichotazama na ambacho bado. Jambo linaloipa ushindi ni utafutaji wa manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video. Unaandika neno, na inakuletea kila video ambamo neno hilo limetamkwa, pamoja na dakika yake. Kwa mwalimu, hicho ni kitu cha kutamanisha. Bei yake ni kwamba utafutaji huo unabebwa na Elasticsearch, injini nzito ya kutafutia, na Redis, hifadhi ya data ya muda, nayo iko pembeni. Mfano wa mipangilio wanaoutoa wenyewe unaipa Elasticsearch giga nzima ya kumbukumbu kwa ajili ya Java, kabla hujafungua video hata moja. Kwa maktaba ya masomo na michezo michache, hiyo ni kuwasha lori la Kasumbalesa ili upeleke sahani ya bukari (ugali) kwa jirani. Jambo la pili kwangu ni zito zaidi: faili inaitwa kwa kitambulisho cha YouTube, zile herufi 11 zisizosomeka, ndani ya folda ya kitambulisho cha chaneli. Ndiyo, ina njia ya kutunza nakala ya faharasa yake. Lakini mimi nataka kuchomoa diski, kuichomeka kwenye kompyuta ya shule, na mwenzangu apate somo la asidi na besi kwa kusoma jina lake tu.

Pinchflat ilikuja baadaye na inafikiri kinyume. Ni kontena moja (kifurushi cha programu kinachoendeshwa na Docker), hifadhidata yake ni SQLite, ambayo ni faili moja tu, na haijidai kuwa ukumbi wa sinema. Kazi yake ni kuvuta, kupanga na kutaja majina. Unaandika kwanza wasifu wa midia, yaani sheria: ubora gani, manukuu yashushwe au la, faili iitweje. Kisha unaongeza vyanzo, ambavyo ni chaneli au orodha za video, na kila chanzo kinafuata wasifu uliokipa. Wasifu wangu wa masomo ni 480p, na jina la faili linaanza na jina la chanzo, tarehe, kisha kichwa cha video. Ukutani kwa mwalimu wa hesabu ubao unasomeka vizuri kwa 480p. Anayedai 1080p kwa ajili ya mlinganyo wa kemia alipe mega zake. Kuna tarehe ya kikomo, ili usivute chaneli nzima tangu ilipozaliwa, na kuna kichujio cha vichwa: chaneli moja ninayoifuata inafundisha masomo yote ya sayansi, nami nachukua zile tu zenye neno “chimie”.

Uzuri mwingine wa Pinchflat ni kwamba inaweza kuchukua sauti peke yake. Kuna video nyingi ambazo ni mtu ameketi anasimulia historia ya Katanga, picha haisogei. Zile nimezipa wasifu wa sauti, folda yake nikaielekeza kwa Audiobookshelf, ikaisoma kama podikasti ya kawaida. Papa anazisikiliza bila kujua zilitoka YouTube.

Lawama zangu kwake ni mbili. Chaneli kubwa inapoongezwa mara ya kwanza, inachukua muda mrefu kuorodhesha kila kitu, na skrini haikuambii vya kutosha kinachoendelea. Mtu asiye na subira ataizima akidhani imeganda. Na kwa sehemu kubwa ni kazi ya mtu mmoja, kwa hiyo mustakabali wake ni wa mtu mmoja. Ndiyo maana nasisitiza majina ya faili.

Usivute video nyingi mfululizo. YouTube itaanza kukudai uthibitishe kwamba wewe si roboti, na kwenye intaneti utaambiwa uipe programu kuki za akaunti yako, yaani faili za kivinjari zinazoonyesha kwamba umeingia. Usipeleke za akaunti unayoitegemea. Wenyewe wa yt-dlp wanaonya kwamba inaweza kufungiwa. Weka mapumziko kati ya video na video, uvute polepole usiku.

Shemeji hataki kusikia habari za wasifu na vyanzo. Anataka video moja, leo. Kwa watu wa aina hiyo kuna MeTube: ukurasa mmoja, unabandika anwani, unabonyeza, basi. Nimeiweka pembeni na ninafuta folda yake kila anaposahau. ytdl-sub nayo ni hodari sana, lakini kila kitu kinaandikwa kwa mkono katika faili za mipangilio za YAML. Wanaopenda hivyo tayari wameshaiweka.

Jellyfin ilijitenga na Emby, programu nyingine ya kutazamia, mwishoni mwa 2018, Emby ilipofunga msimbo wake, na tangu hapo imebaki huria na ya bure. Inasoma folda ya Pinchflat na kuionyesha kwenye televisheni, simu au kivinjari. Kwa laptop kuukuu adui ni ubadilishaji wa video wakati wa kutazama: kifaa kisipoelewa aina ya video, Jellyfin inaibadilisha papo hapo, feni inalia, na betri uliyoitunza kwa TLP inaisha kabla ya mchezo kufika kwenye kicheko cha kwanza. Dawa ni kuvuta tangu mwanzo video za H.264 na sauti ya AAC, ambazo karibu kila simu na televisheni inazichukua moja kwa moja. Pinchflat ina sehemu ya kuchagua hilo. Kisha ndani ya Jellyfin, kwenye mipangilio ya kila mtumiaji, ondoa alama inayoruhusu ubadilishaji wa video. Isiyochezeka itakataa, utajua ni ipi, na seva haitateseka. Wapo watakaosema Plex. Plex ni laini machoni, lakini inataka akaunti kwenye seva za kampuni yake, na mwaka 2025 leseni yao ya maisha ilipanda kutoka dola 119.99 hadi 249.99. Kwa parsele ambayo intaneti hukosekana wikendi nzima, sitaki ruhusa ya kuingia nyumbani kwangu itoke ng'ambo.

PeerTube na Castopod zinatajwa sana katika mazungumzo haya na zinawachanganya watu. Hizo ni za anayechapisha: PeerTube kwa video, Castopod kwa podikasti. Vijana wa kundi moja la maigizo hapa Katuba waliniuliza wachukue ipi ili kazi zao zisitegemee YouTube peke yake, nikawaambia PeerTube, lakini waiweke kwenye seva ya kukodi, wasiiweke nyumbani. Ninachohifadhi mimi hakitoki nje ya parsele na darasa langu, wala hakiuzwi kwa flashi sokoni. Waliotengeneza michezo ile walikwisha kuibiwa vya kutosha.

Masasisho ya programu nayo yanakula mega nyingi. Kontena la Elasticsearch peke yake linazidi nusu giga, na hizi nyingine zina mamia ya mega kila moja. Mimi nayashusha mahali penye intaneti ya bure, kwa amri ya docker save nayageuza kuwa faili, nayabeba kwa flashi, na nyumbani docker load inayapokea. Haichukui dakika nyingi. Diski ya pili, yenye nakala ya kila kitu kwa rsync, programu ya kunakili faili, inakaa kwa yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, kule Ruashi. Tunabadilishana diski nikienda kumtembelea. Audiobookshelf inaweza kujifanyia nakala ya hifadhidata yake kila siku, iwashe, na hakikisha nakala hizo zinaingia kwenye rsync pia.

Mwenye RAM ya giga 8 au zaidi na betri za sola za uhakika, aiweke Tube Archivist na afurahie ule utafutaji. Sisi wengine tuna njia ya kimaskini inayofika karibu. Mwambie Pinchflat ashushe manukuu, yatakaa kama faili ndogo kando ya kila video. Mwanafunzi akiniuliza, “Madame, molarité ilielezwa wapi?”, naingia kwenye folda ya masomo na kuandika amri ya kutafuta neno ndani ya faili: grep -ri "molarité" --include="*.srt" . na kila faili yenye neno hilo inajitaja. Ukifungua faili, dakika imeandikwa juu ya mstari. Tafuta neno moja, usitafute mawili, kwa sababu manukuu hukata sentensi katikati na grep inasoma mstari mmoja mmoja. Na yale ambayo YouTube imeyaandika yenyewe kwa mashine hukosea majina ya kemikali mara kwa mara, kwa hiyo jaribu pia neno jirani.